Mgomo Haukuwa Wangu

Nianze na jambo moja ili tusipotezeane muda: mimi sikugoma. Waliogoma ni wakataji. Mimi ni mshonaji, na katika kiwanda chetu cha sare mkataji na mshonaji ni watu wawili mbalimbali, kama vile mchinjaji asivyo mpishi. Wao wanasimama mezani wanakata vitambaa, sisi tunakaa kwenye cherehani tunaviunga. Wao wana chama, sisi hatuna. Tuliwahi kuomba tuingie kwenye hicho chama chao, tukaambiwa tusubiri, ombi letu linajadiliwa. Linajadiliwa mpaka leo.

Sasa mgomo umekwisha. Wakataji wamepata nyongeza, na juu ya nyongeza wamelipwa nusu mshahara kwa wiki zote tatu walizokuwa barabarani wakiimba. Mimi niliyekuja kila asubuhi na aproni yangu nikitaka kufanya kazi, nimeambiwa sina changu. Aliyeikataa kazi kalipwa, aliyeitaka kazi kanyimwa. Kama yupo mtu anayeweza kunieleza hesabu hiyo bila kuona haya, na aje, nyumbani kwangu anapajua.

Na aliyenizuia langoni, kwa taarifa yenu, ni mume wangu.

Yeye ni mkataji. Asubuhi ya kwanza ya mgomo tulikunywa chai ya birika moja, tukafunga mlango, tukaongozana kama siku zote. Njiani akanibebea mkoba. Tulipofika kiwandani akanirudishia mkoba wangu, akavuka kwa wenzake, wakashikana mikono kutoka nguzo hii ya lango hadi ile. Kisha akanitazama kama mtu tuliyekutana kwenye foleni ya benki.

"Samahani mke wangu," akasema, "hupiti."

"Sipiti wapi? Mimi naenda kazini."

"Hapohapo kazini ndipo hupiti."

Washonaji wenzangu waliangua kicheko. Vifungo, ambaye cherehani yake imepakana na yangu, akaniinamia sikioni, "Shoga, kikulacho ki nguoni mwako." Mimi sikucheka. Nilimwambia mume wangu asogee, akasema hawezi, ni uamuzi wa chama. Nikamwambia chama hakikunioa. Akainamisha kichwa, lakini mkono wa jirani yake hakuuachia.

Jirani yake alikuwa Kipaza, kiongozi wao. Jina hilo tulimbandika kabla hata chama hakijamnunulia kipaza sauti, kwa hiyo mnaweza kukisia ana koo la namna gani. Akatueleza kwa ukali kwamba stoo kuna vitambaa vilivyokwisha kukatwa, na sisi tukiingia bosi atatushonesha hivyo, atauza, na mgomo utageuka mchezo wa watoto. Sikatai, hoja alikuwa nayo. Ila hoja hiyo ilikuwa inakula kwangu, si kwake. Mshonaji analipwa kwa siku. Siku asiyoingia haipo.

"Vumilieni dada zangu," akasema Kipaza. "Tukishinda sisi, mmeshinda nyote."

Nikamuuliza kama hayo yako kwenye maandishi. Akawasha kile kipaza chake akaanza wimbo.

Mtaniuliza kwa nini nilikuwa na kiherehere hivyo, wakati wenzangu walikaa kwenye ukingo wa barabara wakasukana nywele. Sababu ni mama yangu.

Mama alikaa kwa kaka yangu mwaka mzima. Wifi yangu hakuwahi kumpiga wala kumtukana, alikuwa anamhesabia. Anahesabu vijiko vya sukari, anahesabu ndoo za maji, anahesabu mara ambazo mama kaamka kwenda chooni, halafu asubuhi anasimulia mbele ya wageni huku anacheka. Mama alitoka kule amekonda shingo, akaniambia harudi tena, hata kwa kukokotwa. Kwangu hawezi kulala. Tuna chumba kimoja na pazia, na mkwe na mkwewe kulala chumba kimoja ni jambo lisilosemeka. Basi nikampangia chumba kidogo ng'ambo ya uchochoro. Hicho chumba kinalipiwa na cherehani yangu peke yake. Mwenye nyumba ni mtu wa kauli moja: mwezi ukiisha kodi haijaonekana, kuna mwingine anakisubiri.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuja. Nilivaa aproni kabisa, ili asije mtu akasema nilikuja kutembea. Nilisimama mbele ya mume wangu nikaomba kupita, akanikatalia, nikakaa. Jioni tunarudi pamoja, tunapika kwa mkopo wa duka. Baada ya wiki ya kwanza hatukuwa na la kuongea, na kusema kweli sikulitafuta.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipojichongea mwenyewe.

Wagomaji walikuwa na bango kubwa la kitambaa, refu kama lango. Nani aliwashonea sijui, lakini aliyeshona alikuwa adui wa nyuzi. Pindo limekwenda kombo, kona moja imeachia, na upepo ukivuma neno zima la HAKI linajikunja na kupotea. Mtu aliyeshona miaka kama mimi hawezi kuona kitu hicho kila siku akabaki na akili zake. Nilijaribu kutazama pembeni. Nikajaribu kuongea na Vifungo. Macho yanarudi palepale. Siku moja nikashindwa, nikachomoa sindano ninayoiweka kwenye ukosi, nikamwambia yule kijana aliyeshika nguzo ya bango ainamishe, nikakaa nalo chini na kulipiga pindo upya, mshono wa kurudia, kona zote nne. Kipaza akasema, "Umeanza kutuelewa, dada." Nikamjibu kwamba sijaelewa chochote, ila mshono huu ni wa kutia aibu ukoo mzima.

Sikutazama juu. Ningetazama juu ningemwona Meneja kwenye dirisha la ghorofani, ameshika simu yake.

Mgomo ulipokwisha tukaingia, tukakaa kwenye cherehani, kazi ikaendelea. Siku ya malipo wakataji wakatoka kwa mhasibu wanapigana mabega. Sisi tulipofika dirishani tukaambiwa hakuna kitu cha zile wiki tatu, maelezo kwa Meneja. Nusu ya mume wangu sikuiona hata rangi, duka liliimeza yote na bado likabaki na njaa.

Meneja alituita mmoja mmoja. Wakati wangu ulipofika nilimkuta amekaa nyuma ya meza pana, ameegemea, na chai inapoa mbele yake. Hakuniambia nikae.

"Kanuni ni rahisi," akasema. "Hakuna kazi, hakuna mshahara."

"Nilikuja kufanya kazi. Nilizuiwa langoni, kila siku."

"Na nani?"

Sikuutarajia huo mlango.

"Kwenye makubaliano na chama," akaendelea, "tumesamehe mgomo. Kumzuia mfanyakazi asiyegoma ni jambo jingine, hilo hatukulisamehe. Kwa hiyo kama ulizuiwa, niambie aliyekuzuia, nitakulipa siku zako zote na yeye nitaachana naye. Kama hakuna aliyekuzuia, basi hukuzuiwa, ulibaki nje kwa hiari yako."

"Uliliona lango mwenyewe. Dirisha lako linatazama palepale."

"Nilichokiona mimi ni hiki." Akanigeuzia simu. Na mimi huyo hapo, nimekaa katikati ya wagomaji, miguu nimeinyoosha, bango mapajani, sindano mkononi, nimeuma uzi kwa meno. "Hapa si ulikuwa kazini? Ila kazi yenyewe ulikuwa unamfanyia nani?"

Nikamwambia atazame vizuri, nimevaa aproni ya kiwanda chake. Nani anayevaa aproni kwenda kugoma? Na kama aliniona mpaka akapata nafasi ya kunipiga picha, aliona pia kwamba niko langoni na siwezi kuingia. Alikuwa na walinzi na funguo, angeweza kushuka kutuchukua. Hakushuka. Alikaa juu anapiga picha kama mtalii.

Hakukasirika. Watu wa namna hiyo hawakasiriki, wana mishahara. Aliinamia meza akashusha sauti kama mjomba anayekutakia mema.

"Mumeo simgusi. Nakuahidi. Nipe Kipaza tu. Wewe ukisema, wenzako nao watalipwa. Nasikia mama yako ana shida ya kodi. Nakupa mpaka Jumamosi."

Mambo ya mama yangu aliyajuaje, hilo nalo niliachiwa niende nalo nyumbani.

Nje nikamkuta Vifungo ananisubiri. Yeye aliulizwa kabla yangu, akajibu kwamba alikuwa anatazama chini muda wote, kwa hiyo aliona viatu tu, na Meneja akitaka anaweza kuvifukuza viatu. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu machozi yakaendelea kicheko kikiwa kimekwisha.

Maana, jamani, Kipaza alinizuia kweli. Singesema uongo. Alinizuia, akanifokea, siku moja akaniita mke wa bosi mbele za watu. Mtu huyo hata simpendi. Lakini nilivyoliweka jina lake mdomoni ili nione lina ladha gani, nikalitema. Nimeajiriwa kushona. Pesa niliyokuwa nadai ni ya kushona. Nikiipokea kwa kumtaja mtu, itakuwa ya kuuza watu, na Meneja akishajua nauza atarudi kununua tena. Mkono wa mume wangu ulikuwa umeshikana na wa Kipaza, ahadi ya kutomgusa ingedumu mpaka lini?

Jioni ile nikamweleza mume wangu yote. Akaacha kula.

"Usimtaje," akasema.

"Hilo najua. Nataka unijibu lingine. Nani atanilipa?"

"Kuna mkutano wa chama Ijumaa baada ya kazi. Njoo. Nitasema."

Nikaenda. Mkutano ulikuwa ukumbini kwao, chumba chenye mabenchi na feni isiyozunguka, na bango langu limetundikwa ukutani, limenyooka vizuri. Walikuwa bado wanasherehekea. Mume wangu alisimama akasema maneno kama matano hivi, akakohoa, akaketi. Basi nikasimama mwenyewe. Nikawaambia kwamba sisi washonaji tumepoteza wiki tatu kwa ajili yao, kwamba Meneja ananunua majina, kwamba hakuna mshonaji hata mmoja aliyemuuzia. Nikawaambia wao wamepokea nyongeza na nusu mshahara, sisi tumepokea jua. Nikaomba mfuko wa chama utulipe hata kiasi, kisha wao waendelee kupigana na Meneja warudishiwe.

Mnajua walifanya nini? Walinipigia makofi.

Kipaza akasimama, ameguswa, mkono kifuani. Akasema mimi ni shujaa. Akasema historia ya chama itanikumbuka. Halafu akasema mfuko, kwa mujibu wa katiba, ni wa wanachama tu, na sisi bado si wanachama.

"Hatujawa wanachama kwa sababu mmetukatalia," nikasema.

"Ombi lenu linajadiliwa, dada."

Mzee mmoja wa mbele, mwenye nia njema tu, akaguna, "Ndiyo dunia, mwanangu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia." Nikamgeukia. Nikamwambia mimi si nyasi. Nyasi haina kodi, nyasi haina mama. Na hao ninaowaona humu si tembo wala nini, ni watu ninaowajua kwa majina, wengine nimewashonea suruali za harusi, na kila mmoja anajua alichonifanyia. Kisha mtu akauliza kama kuna mengineyo, na mkutano ukafungwa.

Jumamosi nikapanda kwa Meneja. Nikamwambia sina jina la kumpa, na mshahara wangu bado nautaka. Akasema basi tumemalizana. Nikamwambia yeye ndiye aliyemaliza, mimi bado. Akampigia simu mtu mwingine nikiwa nimesimama palepale.

Mama nilimkuta anakunja nguo. Mwenye nyumba alishampitia, chumba kimepata mwingine. Nikamweleza habari za Meneja na jina alilolitaka.

"Huyo mtu alikuzuia, hakukuzuia?" akaniuliza.

"Alinizuia."

"Sasa si ungesema? Kusema kweli si umbea."

"Nimeshindwa, mama."

Nilitegemea aniambie nimefanya vyema, kama akina mama wa kwenye hadithi. Hakuniambia. Alikasirika. Alisema amenisomesha, amenilea, na leo namlinda mwanamume mwenye nyumba yake, mke wake na kitanda chake, na yeye mzazi wangu nimemwacha na mifuko mlangoni. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Halafu akakaa kwenye godoro lililokunjwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa wifi yako sirudi."

"Najua."

"Sasa nakwenda wapi?"

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika beseni lake la vyombo, na hasira zote za wiki zile zikanipanda kwa pamoja, lakini safari hii zilipanda zikiwa na akili. Mama yangu alikuwa analipia mgomo wa watu. Sawa. Mtu akikulipia kitu, angalau umjue kwa sura. Ningempeleka kwa Meneja kama si yale mageti na mbwa, na mimi na mageti tulishakosana. Kwa Kipaza hakuna geti.

Mume wangu alipoelewa tunakokwenda alishika kichwa. "Utaniaibisha mbele ya wenzangu."

"Shika upande ule wa godoro."

"Mke wangu, hebu tuongee kwanza."

"Tuliongea Ijumaa, nikapigiwa makofi. Shika godoro."

Akashika. Tukapita uchochoro mzima hivyo, yeye na godoro kichwani, mimi na beseni na mifuko, mama mbele yetu na mkoba wake wa mkononi kama mtu anayekwenda kliniki. Watu wakatoka milangoni. Vifungo akauliza kuna nini, nikamwambia tunamhamisha mama. Alipoona tunakata kona kuelekea kwa Kipaza akaingia ndani kuchukua kanga yake, akatufuata. Tulipofika tulikuwa kundi.

Mama akapiga hodi mwenyewe. Mke wa Kipaza akafungua, mwanamke mpole, mtoto mgongoni. Nyuma yake Kipaza alikuwa amekaa kwenye kochi na fulana ya ndani, anatazama mpira. Alipomwona mama akainuka mara moja, maana hata yeye kalelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibuni." Neno lilishamtoka ndipo akaliona godoro.

Mama akaingia. Akaketi kwenye kochi, mahali palepale alipokuwa amekaa yeye, akaweka mkoba pembeni. Mume wangu akasimama mlangoni, godoro kichwani, hajui alitue wapi, macho ameyatupa sakafuni. Kipaza akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama wale washonaji waliojaa dirishani.

"Dada," akaniambia taratibu, "haya ni mambo ya kiwandani. Tusiyalete majumbani mwa watu."

"Kwangu yaliingia bila hodi," nikasema. "Meneja alitaka jina lako anilipe. Sikumpa, kwa hiyo wewe bado una kazi, na mama hana chumba. Pesa siombi, najua katiba hairuhusi. Nimekuletea mzazi."

Mke wa Kipaza alinitazama, kisha akamgeukia mumewe, na mtazamo aliomtazama nao ulinionyesha kwamba hadithi ya mgomo aliyosimuliwa yeye haikuwa na sisi ndani yake.

"Hukuniambia kama kuna watu hawakulipwa," akamwambia.

Kipaza akazima televisheni. Mkewe akampokea mume wangu godoro, akalisukuma ndani kwenye chumba cha watoto, akarudi akapiga magoti mbele ya mama kama inavyompasa mtu mwenye adabu.

"Utakaa nasi mpaka lini, mama? Si kwamba nakufukuza, nataka nijue nipange kitanda namna gani."

"Mpaka mwanangu alipwe," mama akasema, na akaanza kuvua viatu.